Udongo Uliotatarika

"Huyu ataishia kushika jembe," majirani walimwambia mama kunihusu nilipokuwa mdogo. Basi nimerudi Kikoneni na diploma ya ughaibuni, nikipima mionzi ya udongo kabla ya kinu cha nyuklia kujengwa.

Kifaa kilipolia nyumbani kwetu, nilikumbuka alasiri moja ya utotoni. Mama alikuwa akikandika ukuta kwa udongo mwekundu wa kilimani, wenye harufu ya mvua. Wageni fulani waliopita kijijini waliegemeza ukutani kisanduku kama kifaa changu, kikatatarika kama bisi kikaangoni.

"Mama, udongo wetu unaimba!" Nilipiga makofi. Wageni walitazamana, wakaaga kwa adabu, wakaenda zao. Walijua udongo una mionzi, wakatuficha.

Sasa, kifaa kikiwa bado kinalia, nilimsihi mama ahame. Aliendelea kukandika ukuta kwa udongo uleule.

"Siku ile ulishangilia, mwanangu. Leo umesoma, waja kunitisha?"