Chale Alizozitafuta Mama

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku nilipoanza kuuchukia uso wangu. Ndiyo maana sikushangaa uliponijia asubuhi hii kuuliza dawa ya kufuta chale zako. Dawa ninazijua. Nilizitafuta mwenyewe, kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao Bagamoyo, nikiwa mwali nimeshaposwa.

Mama alikuwa Mzigua. Aliniteremsha pwani amenibeba mgongoni, nami nina chale tatu kwenye paji la uso, zimetiwa masizi. Mchumba wangu hakuwa na neno nazo. Shangazi yake ndiye aliyezionea kinyaa. "Mke wa mjini, na nembo za bara?" alisema mbele za watu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikaanza na utomvu wa papai bichi. Ukaniwasha tu. Nikasugua kwa jiwe la matumbawe mpaka damu ikatoka. Kidonda kilipopona, chale zikachungulia tena, nyeusi vilevile. Mwisho shangazi yule akanipeleka Mlingotini, kwa bibi mmoja aliyepaka watu mafuta ya maganda ya korosho. Yale huunguza kama moto. Ngozi ilibabuka, chale zikaondoka nayo, pakabaki kovu. Nikafurahi, mjinga mimi.

Nikarudi nyumbani Kaole, kwa mama. Macho yake yalikuwa hayaoni tena, na kila nilipomwamkia alinipapasa paji la uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mkono ukapanda, ukatafuta, ukatafuta tena. "Ziko wapi?"

Nikamwambia. Akaushusha mkono.

"Watoto walikuwa wakiibwa njiani, wakauzwe utumwani," akasema. "Nilikuchanja ili wakikuchukua, siku nikikukuta popote nikujue. Sasa mkono wangu utakujuaje?"

Niliolewa, nikakaa mjini kwa heshima. Mama hakunipapasa tena mpaka anafariki. Alinishika mkono tu, kama anavyoshikwa mgeni. Jambo hilo linaniuma hata leo.

Basi, mwanangu: papai halifuti, jiwe linajeruhi, korosho inaunguza na kovu lake halitoki. Ukitaka bado, uso ni wako, sitakuzuia. Lakini nenda kwanza kwa aliyekuchanja, umuulize alikuwa akiogopa nini. Na kabla hujaondoka, mwache akupapase.

Mungu akupe uso wenye amani, na asikukoseshe mkono wa kukujua hata gizani. Amina.