Safari ya Meli Aliyoichagua Dada

Safari zetu za meli huamuliwa na dada yangu, ingawa simu yenye picha za meli ni yangu na wakala wa tiketi ananifahamu mimi. Yeye ni wa kwanza kuzaliwa, mimi ndiye ninayemfuata, na nyumbani kwetu hilo lilitosha kumaliza mabishano yoyote. Mpaka leo, mvi zimetujaa sote wawili, namwamkia shikamoo kabla hata sijampokea kikapu. Akiniagiza kitu nakifanya, tena huku nimenuna.

Yeye anaishi Mlola, analima karoti na kabichi. Mimi niko Lushoto mjini, nina mashine ya kufuma masweta ya shule, na kwa baridi yetu kazi haikosekani. Yeye ni mjane. Mimi sikuolewa, jambo ambalo amenitania nalo miaka yote bila kulichoka. Watoto wake walipoanza kujitegemea, alikuja siku moja ya gulio, akaketi jikoni kwangu na kutangaza, "Milima tumeitazama vya kutosha. Sasa twende tukaone maji." Ndivyo tulivyoanza.

Safari ya kwanza ilikuwa ya Unguja. Hapa lazima nieleze kwamba kwetu kila kilicho chini ya mlima huitwa nyika. Mombo ni nyika, Dar es Salaam ni nyika, na nadhani hata Ulaya. Mtu hushuka nyika akamaliza shida zake, kisha akapanda kurudi kwa watu. Basi meli ilipoiacha bandari, Dada alikuwa ameshika chuma cha kiti kwa mikono miwili. Akamwuliza baharia mmoja kwa upole kabisa, "Mwanangu, tunaanza kupanda saa ngapi?" Alidhani Unguja, kwa vile inasifiwa sana, lazima iwe juu. Yule kijana akamjibu kwamba njia yote ni tambarare, Mama. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, naye akaninunia mpaka kesho yake.

Mara ya pili tulipanda meli Mwanza tukashukia Bukoba, na huko tukapanda basi la kurudi kwa njia nyingine kabisa. Hiyo ni amri yake: njia tuliyoendea hatuirudii. Husema kurudi ulikopita ni kazi ya mbuzi, na yeye hakuzaliwa mbuzi. Kwa hiyo nikitafuta safari, kwanza naangalia kama inazunguka. Isipozunguka, hata simwonyeshi.

Safari ya tatu tulikuwa tunaijua tangu utotoni. Shuleni kwetu madarasa mawili yalikuwa yanasomea chumba kimoja, lake mbele na langu nyuma, na ukutani kulikuwa na ramani ya Tanzania. Ziwa Tanganyika lilikuwa limelala upande wa magharibi, refu na jembamba kama ganda la haragwe. Mwalimu akitoka, Dada alikuwa analigusa kwa rula na kusema, "Hapa nitakwenda." Nikimwuliza na mimi je, ananijibu, "Wewe utanifuata."

Mwaka huu nikaitafuta safari hiyo kwa bidii. Gari moshi mpaka Kigoma, meli kuelekea kusini kwa siku kadhaa ikisimama vijijini kuchukua watu na dagaa, kushukia Kasanga, kisha mabasi mpaka Mbeya na kurudi nyumbani kwa barabara. Ilizunguka vizuri mno. Niliifurahia kama mtoto aliyenunuliwa viatu, nikamwambia wakala asubiri tu neno la mwisho.

Dada akaja siku ya gulio. Aliketi muda mrefu kabla ya kufungua kitambaa cha kichwani, nikadhani ni mlima wa kutoka stendi umemchosha. Nikamwekea chai, nikafungua ramani mezani, nikamwonyesha kwa kidole kituo baada ya kituo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kigoma hapana," akasema. "Kuna mbu."

"Mbu? Dada, Unguja hakukuwa na mbu?"

"Kigoma ni nyika."

"Na wewe unataka kwenda wapi, mlimani Magamba hapa juu?"

Akatia kidole Tanga, akakivusha mpaka Pemba, akakirudisha palepale Tanga. "Hii inatosha. Tunalala kidogo, tunarudi."

Nilikasirika, sifichi. Nilikuwa nimeongea na wakala mpaka masikio yakawaka moto, na nimeacha masweta ya shule nzima yananisubiri kwenye mashine. Nikamwambia anazeeka vibaya. Nikamwambia Pemba nako ni nyika, tena nyika iliyozungukwa na maji. Nikamwambia kama ni kwenda na kurudi palepale, basi leo amekuwa mbuzi. Nilingoja anikate kauli kama kawaida yake.

Hakunikata. Alizungusha kikombe chake, akatazama dirishani, akasema, "Basi, amua wewe."

Msomaji ambaye hajazaliwa mdogo nyumbani kwetu anaweza kuona ni maneno ya kawaida. Mimi dada yangu hajawahi kuniambia niamue. Sare yangu ya shule aliichagua yeye, kanisani alichagua benchi, na msiba wa mama ulipotufika alichagua hata nyimbo, kisha akaniambia niimbe sauti ya pili. Niliposikia "amua wewe", hasira zote zilinitoka na mahali pake ikaja hofu. Nikakaa chini.

"Una nini?" nikamwuliza.

Akasema hana kitu. Nikamwuliza tena, safari hii kwa Kishambaa. Kiswahili tunakitumia kugombana, lakini mambo yenyewe tunayasema kwa lugha ya mama. Akanieleza. Alikuwa amekwenda hospitali bila kuniambia, kwa ajili ya pumzi inayokatika akipanda mlima kwenda shambani na miguu inayovimba jioni. Wamempima moyo. Hawataki awe mahali ambapo hospitali iko mbali, na kwenye lile ziwa meli ikishatoka bandarini, hospitali iko mbali kweli.

"Daktari anasema moyo umekuwa mkubwa," akasema. "Nikamwambia sishangai, mimi ndiye mkubwa kwetu."

Alisubiri nicheke. Nilijaribu, sikuweza. Nilikuwa nalia, na pua inanitoka kama ya mtoto wa darasa la kwanza, mbele ya ramani.

"Ndiyo maana nikasema amua wewe," akaendelea. "Ukitaka Kigoma, twende. Likitokea la kutokea, litokee."

Nikamwona ameshika kikombe kwa mikono miwili, kama alivyoshika kile chuma cha kiti. Kigoma aliitaka. Aliitaka kuliko mimi, ndiyo maana hakuweza kunitajia sababu yenyewe, akasingizia mbu. Sasa nikisema Kigoma, nautoa moyo wake kafara. Nikisema Pemba, nimemwambia usoni kwamba ni mgonjwa na mimi ndiye ninayeamua kuanzia leo. Nilifikiri kidogo, na kwa kweli sikuona jibu lolote ila moja.

"Mimi siamui," nikasema. "Mkubwa ni wewe. Sema, nitafuata."

Akanyoosha mgongo, akavuta ramani upande wake, na sauti yake ikarudi ile ninayoijua.

"Pemba," akasema. "Tunakwenda na kurudi palepale, na usinitajie mbuzi tena. Mwambie huyo wakala atuwekee viti vya juu, nisije nikakaa na injini. Na masweta beba, upepo wa bahari ninaujua."

"Sawa, Dada."

"Kigoma utakwenda mwenyewe mwakani."

"Siwezi kwenda peke yangu."

"Nimekuuliza kama unaweza? Utakwenda. Utaanzia Kigoma umalizie Kasanga, usishukie njiani. Ukirudi utanisimulia kila kijiji, na usinidanganye, kwa sababu ramani ninayo kichwani."

Ni dada yangu mkubwa, ameshasema. Nikaitikia kama nilivyolelewa, nikampigia wakala palepale kumwambia ni Pemba, watu wawili, viti vya juu. Dada alikuwa anasikiliza huku anafunga kitambaa chake, maana gari la Mlola haliwasubiri wanaolialia. Nikambebea kikapu mpaka mlangoni.

"Na uniletee migebuka, wale samaki wa ziwani," akasema. "Waliokaushwa. Nasikia wa huko wana utamu wao."

"Dada, ile safari ni ndefu. Mpaka nizunguke Kasanga, Mbeya, nifike huku kwako, nitachukua muda mrefu sana."

Alipokea kikapu, akakiweka sawa mkononi.

"Basi uwahi," akasema.