Nilidhani ni Kupe

Wacha niwaambie, leo nimemuumiza mbwa wangu Bosco na hii mikono yangu.

Niliona kakitu keusi, kamejaa damu, kwa mfuko wa korodani zake. Nikajua ni kupe.

Nikakavuta.

Ngai! Damu ikaruka. Nilibana kidonda na leso ya mamangu, nikambeba hadi kwa daktari wa mifugo hapa Kabati.

"Kijana, kupe huwa na miguu. Uliona miguu?"

Sikuangalia.

Kumbe ni uvimbe wa mishipa ya damu. Lazima ahasiwe, mfuko wote utolewe, saa hii.

Nilimshikilia adungwe sindano ya usingizi. Akanitingishia mkia. Mimi!

Sasa niko nje ya mlango.

Kama mbwa wako alipona hii kitu, niambie.

Kama hakupona, tafadhali usiandike.