Behewa Lililotiwa Chaki

Babu yangu mzaa mama hana habari na mabehewa ya abiria. Ukimletea moja, hata la bure, analigeuza mkononi, anasema asante, halafu analiweka dirishani lipigwe na vumbi. Anayoyataka yeye ni ya mizigo: ya wazi ya kubebea kokoto, ya tangi, na yale ya kufunikwa yenye milango ya kusukuma. Siku moja nilimuuliza kwa nini. Mimi huuliza sana, ndiyo maana ananiita Maswali.

"Abiria akiumia anapiga kelele," alisema. "Mzigo hauna mdomo. Lazima mtu ausemee."

Kabla ya kustaafu alikuwa mkaguzi wa mabehewa, yale makubwa ya kweli. Alikuwa akitembea kandokando ya treni iliyosimama, nyundo mkononi, anagonga gurudumu moja moja na kusikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa mlio wa sufuria mbovu. Akikuta kasoro anachora ubavuni mwa behewa alama ya mkasi kwa chaki, ile ile anayotuchorea mwalimu wa hesabu kwenye jibu baya. Na hapa ndipo hadithi zake huninogea: behewa lenye chaki halitoki. Mkuu wa stesheni aje na tai yake, mwenye mzigo alie machozi, halitoki. Anayefuta chaki ni yule yule aliyeichora, baada ya kuridhika kwa macho yake mwenyewe. Mwingine akithubutu kuifuta, kesho yake hana kazi.

Treni yake ya sasa inazunguka katika chumba cha uani, juu ya mlango wa zamani uliolazwa kwenye meza mbili. Mabehewa hayafiki urefu wa kiganja. Ameyaokota moja moja kwenye mitumba ya vitu vya watoto, mengi yakiwa vilema, akayaganga. Kulabu za kuyaunganisha anazitengeneza mwenyewe kwa waya mwembamba kama unywele. Badala ya nyundo ana mpini wa kijiko cha chai, na kweli anayagonga magurudumu yale madogo na kuyategea sikio.

"Wenzake walistaafu wakaiacha kazi kazini," mama husema. "Huyu kaja nayo."

Alikuwa akilisema hilo kwa kucheka, mpaka babu alipoanguka bafuni. Daktari akasema ni presha, akampa vidonge vyeupe, asubuhi na jioni. Mama anaamkia kwenye ushonaji, kwa hiyo huviacha kwenye kisosi, pembeni ya kikombe cha chai. Akirudi, kisosi kitupu. Hata hivyo presha haikushuka. Tulipokwenda kliniki, daktari alikunja uso, akasema mkirudi hali ikiwa hivi hivi nitaongeza dawa, tena kwa kiasi kikubwa.

Nyumba ikabadilika. Chumvi ilihama mezani. Mama alianza kulala mlango wazi, akimsikiliza baba yake anavyopumua. Babu naye, akipanda ngazi ya uani, alikuwa akisimama katikati na kushika ukuta, akijifanya anakagua bomba la maji ya mvua. Bomba lenyewe halina kasoro.

Jumamosi moja, kliniki ikiwa Jumatatu, tulikuwa tunaendesha treni ndefu, mimi na yeye. Behewa moja la kufunikwa, la rangi ya kahawia, likawa linaanguka kila likifika kwenye kona ya dirishani. Ninalirudisha, linaanguka.

"Litoe," babu alisema. "Liweke njia ya pembeni."

"Huligongi?"

"Maswali, nimesema liweke."

Nikashangaa. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kuacha behewa bila kulikagua. Nikaliinua, nikaliinamisha kidogo. Ndani vitu vilibiringika vyote upande mmoja.

"Babu, mzigo umehama."

Hayo ni maneno yake mwenyewe. Mzigo usiofungwa huhama kwenye kona, na ukihama, behewa linalala. Nikasukuma mlango. Vidonge vyeupe vikamwagika mezani, vikatawanyika katikati ya reli. Nikafungua la pili yake. Nalo limejaa.

"Si ndiyo dawa hizi?" niliuliza.

"Ndiyo zenyewe."

"Mama anadhani unameza."

"Mama yako ana mengi ya kudhani." Akanyoosha vidole vyake, akaviangalia kana kwamba ni vya jirani. "Nikimeza hivyo, vidole vinapoa, vinakufa ganzi. Kulabu naiona, kuishika siwezi. Lile tangi la kijani unadhani nani alilivunja? Nikaona, hapana."

"Na ukianguka tena?"

"Nitaanguka nikiwa na vidole vyangu."

Alicheka. Mimi sikuweza. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba jambo hili libaki chumbani humu. Nilikuwa nawaza Jumatatu. Daktari ataongeza dawa kwa kuamini kwamba ile ya kwanza haitoshi. Babu akizificha, presha itamwangusha. Na mama akija kugundua, akamsimamia azimeze zote bila daktari kujua, je? Huku hofu, kule hofu.

Kwenye kopo la skrubu babu ana kipande cha chaki, kumbukumbu ya kazini. Nikakichukua. Nikachora mkasi ubavuni mwa lile behewa la kahawia. Mkasi ukatoka kombo. Nikachora na kwenye lile la pili, nikayasukuma yote mawili njia ya pembeni.

Babu akazima umeme. Treni ikasimama.

"Unajua ulichofanya?"

"Najua. Hayatoki."

"Mabehewa ni yangu."

"Ulisema hata mwenyewe akilia."

Akachukua kitambaa anachofutia mafuta. Nilikitazama kile kitambaa. Kama angefuta, ningekwenda kwa mama hivyo hivyo, lakini nadhani chumba kile nisingekiingia tena, na yeye asingekuwa tena yule wa hadithi zake. Badala yake akajifuta mikono, ambayo haikuwa na uchafu wowote, akakitundika.

"Kasoro yenyewe ni nini, mkaguzi?"

"Mzigo hauna mdomo," nilisema.

Akalibeba mwenyewe lile la kahawia hadi jikoni, akaliweka mezani mbele ya mama aliyekuwa akimenya vitunguu. Mama alifungua mlango, akachungulia. Hakugomba. Alivuta kigoda akakaa.

"Baba," alisema, "mimi nimekuwa nikihangaika kuficha chumvi."

"Nilikuwa naiona. Iko nyuma ya unga."

Mama akaanza kucheka, na kicheko kikageuka katikati ya njia. Babu akabaki amesimama, hajui aweke wapi mikono yake.

Jumatatu tulikwenda kliniki, babu akiwa na behewa ndani ya mfuko. Daktari, dada mmoja wa makamo, alimimina vidonge mezani kwake. Kisha akatwambia kwamba alikuwa tayari kuongeza dawa, na kwamba siku babu angeanza kumeza, mwili wake ungepokea mzigo ule kwa mkupuo, labda usingeamka.

"Mzee, ungeniambia habari ya vidole."

"Hukuniuliza vidole, daktari. Uliniuliza chumvi."

Akabadilishiwa dawa, akaanzishiwa kidogo kidogo. Presha imeshuka, si kwa kiwango tunachotaka. Vidole vina siku zao. Kuna siku kulabu inamkatalia kabisa, basi ninaiunga mimi, yeye anaamrisha, na ninaona anavyochukia. Siku hizo hupanda kulala mapema, na mama hukaza macho kwenye kisosi kana kwamba kitasema kitu.

Mabehewa yale mawili bado yako njia ya pembeni. Jana aliniuliza kama vile anaulizia hali ya hewa.

"Yale yenye chaki umeyasahau?"

"Sijaridhika nayo."

Akashusha pumzi, akachukua mpini wake wa kijiko, akaendelea kugonga mengine. Kila nikitoka shule napitia kwanza pale, nasukuma milango na kuchungulia. Mpaka leo ni matupu. Chaki sijaifuta.