Mwalimu Voahirana na Kopo la Mchele

Mwalimu Voahirana alikuwa na mdomo. Tuanzie hapo hapo, maana siku hizi wanaomsifu wanamgeuza malaika, na malaika hamtoi mtoto darasani kwa sababu amepiga miayo. Alifundisha kemia katika sekondari yetu ya Ambatolampy miaka ishirini na saba, shali nyeupe begani, chaki sikioni. Mafundi wanaosubu sufuria kule bondeni walikuwa wakiisikia sauti yake juu ya kelele za majiko yao, na wengi wao walishawahi kufokewa nayo.

Lakini kufundisha alijua, bwana. Kila mwaka wanafunzi wapya walipofika kwenye moli, ilikuwa kilio. Moli ni nini? Ni idadi. Mia sita na mbili, ikifuatwa na sifuri ishirini na moja. Mtoto akisikia hivyo anaweka kalamu chini, na simlaumu. Chembe zenyewe hazionekani, idadi yake haitamkiki, halafu anaambiwa ataje na uzito.

Basi mwaka mmoja Voahirana akaja darasani na kapoaka tatu. Kwetu hakuna nyumba isiyo nayo: ni lile kopo tupu la maziwa mazito, ndiyo kipimo chetu cha mchele, sokoni na jikoni. Muuzaji hakuulizi kilo, anakuuliza makopo mangapi, anajaza, anapitisha kidole juu, anamimina. Mwalimu alijaza moja mchele, moja maharage, moja chumvi, akapitisha kidole, akayapima moja moja mbele ya darasa.

"Mmeona? Kopo ni lile lile, uzito mbalimbali," akasema. "Moli ni kopo la mkemia. Ukijaza kaboni, gramu kumi na mbili. Maji, kumi na nane. Aluminiamu, ishirini na saba. Huo ndio uzito wa moli mnaouogopa kama mamba. Kuna mjinga hajaelewa?"

Hakuna mjinga aliyejitokeza. Darasa zima lilitoka likicheka, na tangu hapo somo la kopo likawa somo lake. Ile idadi yenye sifuri zake aliitaja mwishoni, kengele ikilia, watoto wakifunga madaftari. Wavuta riksho walimwita Mama Kopo. Alijifanya kuchukia, lakini tuliomjua tulimwona akitabasamu ndani ya shali. Miaka kumi na tisa alilifundisha hivyo.

Sasa katika wanafunzi wake alikuwepo Mialisoa, binti wa mama muuza vitumbua wa karibu na stesheni. Msichana mkimya, mwenye bidii ya kupita kiasi, aliyetaka kitu kimoja tu maishani, kuwa muuguzi. Chuo alichokitaka kilikuwa na sharti gumu: unaruhusiwa kufanya mtihani wa kuingia mara mbili tu, basi. Mara ya kwanza akafanya, akaanguka, na alipoanguka ni kwenye kemia.

Siku ya gulio akamkuta Mwalimu Voahirana sokoni akichagua karoti. Akamwamkia kwa adabu, mikono yote miwili, akamweleza. Walipewa chumvi, glukosi, maji na mizani. Watengeneze lita moja ya maji ya chumvi na lita moja ya maji ya glukosi, kila moja iwe na sehemu moja ya kumi ya moli. Chumvi akaipima vizuri. Kisha akaimimina kwenye kikombe kidogo, akaweka alama ya ukucha pale ilipofikia, akajaza glukosi mpaka kwenye alama ile ile. Kidole akakipitisha juu.

"Msimamizi akaniuliza, 'Binti, hiyo chupa ungemtundikia mgonjwa?' Akaniandikia sifuri. Mwalimu, nilikosea wapi?"

Hapa ndipo mdomo wa Mwalimu Voahirana ulipomponza. Badala ya kusikia swali, alisikia shutuma, tena mbele ya wauza karoti.

"Wewe! Mizani imewekwa mezani, unapima kwa ukucha?" akapaza sauti. "Watu mia nane nimewafundisha kopo, mia nane wameelewa! Wewe peke yako ndiye umekwenda kupima dawa kama unauza mchele! Nenda kwa mama yako mkakaange vitumbua, huko ndiko vipimo vyako vinakofaa!"

Soko likacheka. Na mimi nilikuwepo, nikacheka, Mungu anisamehe. Mialisoa aliinama, akaokota kapu lake, akaondoka.

Jumapili ile, baada ya kanisa, Voahirana alikuwa jikoni na mumewe, mzee Ndriana, mstaafu wa reli, mtu wa maneno machache. Ndriana alikuwa na ungo mapajani, anatoa mawe kwenye mchele. Mkewe akawa anamsimulia kisa cha sokoni, kwa mbwembwe, na kuiga sauti ya msichana.

"Kwani kosa lake lilikuwa lipi?" Ndriana akauliza, macho kwenye ungo.

"Lipi! Amejaza vitu viwili tofauti kwenye kipimo kimoja, akadhani ni moli sawa!"

"Haa. Kopo moja, vitu tofauti."

"Ndiyo!"

"Si ndivyo unavyofundisha wewe, mama? Mimi nimekusikia humu ndani miaka yote hii. Kopo ni lile lile."

Voahirana akaweka kikombe chake cha chai mezani. Akachukua kopo la nyumbani, akalijaza maharage, akayamwaga mezani na kuanza kuyahesabu moja moja. Yakafika mia sita na kidogo, kopo likaisha. Akachukua mchele. Akahesabu kumi kumi, mia mia, chai yake ikapoa ubavuni. Alipofika elfu tano, kopo lilikuwa halijafika hata nusu. Hapo akaacha.

Maharage mia sita, mchele elfu na maelfu, na kopo ni lile lile. Kopo halihesabu chembe, linahesabu nafasi. Na moli haina habari na nafasi. Moli ni idadi, basi. Alilijua hilo tangu chuoni, ungemwamsha usingizini angekuambia. Ila aliupenda mfano wake mpaka mfano ukameza somo. Msichana hakukosea. Msichana alitii alichofundishwa, tena kwa uaminifu kuliko wale mia nane ambao pengine walikariri tu namba wakapita.

"Ndriana," akasema, "nimemwaibisha mtoto wa watu kwa kosa langu."

"Umemwaibisha," akajibu mzee, akaendelea kutoa mawe.

Kesho yake akaenda kwa mama wa vitumbua. Akaambiwa Mialisoa hayupo. Akaenda tena siku ya tatu, hayupo, ingawa ndala zake zilikuwa mlangoni. Mara ya tatu yule mama hata hakuinua uso kutoka kwenye kikaango.

"Mwalimu, usijisumbue. Mwanangu alikuelewa. Ulimwambia akakaange vitumbua, anakaanga. Mtihani hautaki tena."

Voahirana akashukuru, akageuka, akapotea njia ya nyumbani kwake mwenyewe. Alimwaibisha hadharani, na sasa anataka kumwomba radhi uani. Hata yeye aliona kwamba mambo hayo mawili hayalingani.

Wiki mbili baadaye shule ikamfanyia sherehe ya kustaafu. Ilikuwa asubuhi yenye baridi kavu, ukumbi umejaa pomoni, wanafunzi wa zamani wamekuja na watoto wao. Ratsimba, fundi mkubwa wa kusubu na mwanafunzi wake wa zamani, alibeba zawadi kwa mikono miwili: kopo la aluminiamu kubwa kama ndoo, linang'aa, limechorwa jina lake. Watu wakapiga vigelegele. Mkuu wa shule akasoma sifa, na sifa karibu zote zilikuwa za lile somo. Kule nyuma, karibu na mlango, Mialisoa alikuwa akipanga vitumbua kwenye sahani, maana mama yake ndiye aliyepewa oda. Voahirana akamwona. Akasimama kuhutubia.

Kwetu mtu hafungui hotuba bila kwanza kuondoa laumu. Hata kama hujamkosea yeyote, unaomba radhi: mimi si mkubwa hapa, wapo walionitangulia, nikijikwaa kwa neno laumu iondoke. Watu wanaitikia "Iondoke!" huku wakiwaza mambo yao, ndipo ujumbe wenyewe unaanza. Mwanzo huo ukiwa mrefu, watoto wanalala.

"Mimi si mkubwa wa ukumbi huu," akaanza Voahirana. "Laumu iondoke."

"Iondoke!" tukaitikia.

"Nimewafokea wengi, wengine bila sababu. Laumu iondoke."

"Iondoke!" Na kicheko kidogo.

"Nimewafundisha uongo miaka kumi na tisa. Laumu iondoke."

"Iondoke!" tukapiga kelele, wallahi, wote, mkuu wa shule naye.

"Nilisema moli ni kopo. Si kweli. Kopo moja la maharage ni mia sita, kopo moja la mchele ni maelfu. Vitu vya kopo moja havina idadi moja. Laumu iondoke."

Safari hii walioitikia walikuwa wachache. Watu wakaanza kutazamana.

"Mmoja wenu alifuata somo langu sawasawa, likamwangusha mtihani. Akaja kuniuliza alikosea wapi. Nikamtukana katikati ya soko, mkacheka. Hakukosea yeye. Nilikosea mimi. Anaitwa Mialisoa, na ana akili ya kunitosha mimi na nyinyi. Laumu hii, kama hataki kuiondoa, isiondoke."

Akaketi. Tukawa tunasubiri.

"Mwalimu," Ratsimba akauliza kwa upole, lile kopo lake kubwa likiwa mbele yake kama mtu aliyevaa vibaya, "sasa ujumbe wenyewe?"

"Ndio huo, Ratsimba. Sina mwingine."

Eh! Wamama wakaweka mkono mdomoni. Hotuba inataka jibu, na jibu ni la wakubwa, kwa hiyo mkuu wa shule akawa anasafisha koo. Kabla hajasafisha vya kutosha, sauti ikatoka mlangoni.

"Laumu imeondoka, Mwalimu." Mialisoa alikuwa amesimama, unga wa mchele mikononi, uso umemwiva. "Lakini moli bado sijaielewa."

Hakuna aliyecheka. Voahirana akainuka, akaifunga shali kiunoni kama mwanamke anayekwenda kufua.

"Chaki," akasema. "Na mizani ya jikoni. Njoo hapa mbele, mwanangu."

Vikaletwa. Voahirana akaokota kijiko mezani, kazi ya mafundi wetu, akakipima: gramu ishirini na saba na ushei.

"Ratsimba, humu umechanganya nini?"

"Siri ya biashara, Mwalimu."

"Mungu anakuona. Haya, tuseme ni aluminiamu tupu." Akapima mkaa, gramu kumi na mbili. Akapima maji kwenye glasi, gramu kumi na nane. Akavipanga mstari mmoja: kijiko, kibonge cha mkaa, funda la maji. "Kipi kikubwa, kipi kidogo, usiniambie, kila mtu ana macho. Chembe za aluminiamu hapa, za kaboni hapa, za maji hapa. Ungeweza kuzihesabu moja moja kama nilivyohesabu maharage, zingetoka ngapi?"

Mialisoa akaangalia vile vitu vitatu.

"Idadi moja," akasema. "Mia sita na mbili na zile sifuri. Kote kote."

"Basi kwa nini uzito si mmoja?"

"Kwa sababu chembe moja ya kaboni ni nyepesi, ya aluminiamu ni nzito. Ukihesabu maharage mia na mchele mia, idadi sawa, lakini maharage yatalemea." Akasita. "Na nafasi haihusiki kabisa?"

"Haihusiki. Niliyeihusisha ni mimi. Haya, chumvi yako na glukosi yako. Sehemu moja ya kumi ya moli."

Mialisoa akachukua chaki. Akaandika: moli ya chumvi gramu hamsini na nane na nusu, ya glukosi mia na themanini. Akagawa kwa kumi. "Chumvi gramu sita kasoro kidogo. Glukosi kumi na nane." Akaziangalia, akashika kichwa. "Kumi na nane! Mimi niliweka kama nne!"

"Utapima kwa kitu gani?"

"Kwa mizani, Mwalimu."

"Na kidole?"

"Kikae mfukoni."

Hapo ukumbi ukalipuka, mama wa vitumbua akapiga kigelegele mpaka akatoa machozi. Ratsimba alikuwa tayari ananong'ona na mwenzake wapate wapi kipande cha aluminiamu safi. Mialisoa akafuta chaki mkononi kwa kanga ya kazi, akamsogelea mwalimu wake, akauliza kwa sauti ndogo ambayo ni sisi wa mbele tu tulioisikia.

"Mwalimu, kujiandikisha kwa mtihani kunafungwa lini?"

"Ijumaa, saa sita mchana," Voahirana akajibu papo hapo. Alikuwa amepanda gari la Antsirabe mara tatu kwenda kuuliza kule chuoni, wasije wakaisogeza tarehe.