Tone la Kombe

Betri ilishatoka, na bado sikuweza kukaa. Daktari aliivuta kooni kwa koleo refu mwanangu akiwa kwenye usingizi wa dawa, akanionyesha: kidude kama kifungo cha kanzu, kimeingia weusi. Nikadhani basi, tumepona. Akasema imeunguza njia ya chakula, huenda imeitoboa, na mpaka apigwe picha nyingine asinywe kitu. "Hata tone," akasema.

Haya, mtoto wa mwaka na nusu umwambie asinywe, uone. Dripu ilikuwa mkononi, lakini koo halijui dripu. Alilia maji mpaka sauti ikamkauka, nami nikamzungusha wodini, huku na huku, mfuko wa dripu nimeuinua, tumbo langu la miezi saba mbele.

Ndipo mama akaja kutoka Mkomani na chupa ya kombe. Alikuwa amepita kwa mwalimu, akaandikiwa aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi ili mgonjwa anywe. Kwetu mgonjwa asiyeletewa kombe ni mgonjwa asiye na mtu. Akashika kifuniko.

"Mama, hapana."

"Mai haya yana maneno ya Mola. Yatamdhuru na nini?"

"Kama koo limetoboka, yatamwagikia kifuani."

"Tone tu, mwanangu. Midomo inampasuka."

Hasira zikanipanda. "Ulishamnywesha betri, mama, inatosha."

Betri ilitoka kwenye tasbihi yake, ile ndogo ya kuvaa kidoleni inayohesabu kwa kubonyezwa. Ilianguka, ikafunguka, mtoto akaiwahi betri, akaimeza. Mama alikwenda kukaa kwenye benchi, akawa anavuta dhikri kwa pingili za vidole kama zamani.

Tulipoitwa, mtu wa picha alilitazama tumbo langu, akazuia mlango kwa mkono. Mjamzito haingii, alisema, kuna mionzi. Na mtoto lazima anyweshwe dawa inayoonekana kwenye picha, isiyodhuru hata ikimwagikia kifuani, huku anapigwa. Ikivuja, itaonekana inapovujia. Nani atamnywesha?

Hapakuwa na mwingine. Nikampa mama mtoto, kisha kikombe cha dawa, na vidole vyangu vikawa vigumu kukiachia.

Mlango ukafungwa. Nikazunguka. Nilimsikia mwanangu akilia, akimgomea mtu wa picha. Kisha nikasikia sauti ya mama, bismillahi, akipulizia kikombe, halafu kimya. Nikaweka sikio mlangoni.

Alitoka bado amevaa aproni nzito ya kuzuia mionzi juu ya buibui, mtoto begani. Daktari nyuma yake akasema hakuna palipovuja, anaweza kunywa. Nikakaa palepale sakafuni.

Mama akaitoa chupa mkobani, lakini hakuifungua. Akasimama mbele yangu nayo.

"Sasa nimpe?"

Mama yangu, aliyenilea bila kuniomba ruhusa ya jambo lolote, alikuwa akiningoja nijibu.