Vitambaa vya Makochi ya Mama

Juzi, kwenye treni ya kwenda kitongoji cha Farsta, huku Uswidi, nilimwona msichana wa Kiswidi akidarizi misalaba midogo midogo ya uzi mwekundu. Nilitamani sana kujifunza, kisha nikaona haya.

Mama alidarizi hivyo hivyo tulipokaa mtaa wa Alby. Kila kochi lilikuwa na kitambaa chake, hata televisheni, na sebule ilinukia sabuni na pasi ya moto. Mimi nilidhani watu hufunika makochi kwa sababu yamechakaa. Basi alasiri moja, Elin, rafiki yangu wa shule, alipokuwa anakuja kwetu mara ya kwanza, nilivitoa vyote nikavisokomeza kwenye kapu la nguo chafu.

Mama alirudi kutoka kazini, akamkuta Elin ameketi kwenye kochi tupu.

"Vitambaa viko wapi, mwanangu?"

"Vilichafuka," nilimjibu, kwa Kiswidi.

Alivifua, akavipiga pasi, akavifungia kabatini. Hakuvitandika tena. Nilidhani amesahau.

Jana nilimpigia simu nikamwomba anifundishe kudarizi.

"Nitakufundisha," akasema. "Ila wageni wako wakija, safari hii tutavificha wapi?"